Kuhusu ndoa ya miaka 15

Dada, umeuliza kama binti wa miaka 15 bado anaolewa kisheria Tanzania. Kiini ni Sheria ya Ndoa ya 1971: kifungu cha 13 kiliweka miaka 18 kwa mvulana na 15 kwa msichana, na cha 17 kikampa baba kauli ya kuridhia. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu kuvipinga vifungu hivyo akashinda, 2016. Serikali (ndiyo, serikali yenyewe!) ikakata rufaa, ikagonga mwamba 2019. Ilipewa mwaka mmoja kurekebisha sheria hiyo. Mwaka ukapita hivi hivi. Kwa hiyo mjomba akisema "sheria inaruhusu", mtajie hukumu hiyo. Na kama binti ni mwanafunzi, kumuoa ni jinai: kifungo cha miaka 30, Sheria ya Elimu ilivyorekebishwa 2016.