PCOS na IVF: kupandikiza moja kwa moja au kugandisha kwanza?

Mwanamke mwenye PCOS (tatizo la homoni linalojaza ovari vifuko vidogo) anapoingia kwenye IVF (kurutubisha mayai maabara, nje ya mwili), shida yake kwa kawaida si uhaba wa mayai bali wingi wake. Ovari zimejaa vifuko vidogo, na sindano za kuchochea zikianza, vingi huitika kwa pamoja. Mwenzake akitolewa mayai manane au kumi, yeye anaweza kutolewa ishirini na zaidi. Wengi huifurahia idadi hiyo, lakini ovari zilizovimba namna hiyo humwaga homoni kupita kiasi, na ukuta wa mfuko wa uzazi unaweza kuivishwa kabla ya wakati wa kupokea kiinitete, yaani yai lililorutubishwa na kuanza kukua.

Kwa hiyo, ukiulizwa kama kiinitete kipandikizwe siku ya 3 au ya 5 baada ya kutolewa mayai, au kigandishwe kwanza, usijibu kwa haraka ya kutaka mtoto. Mwaka 2016 Zi-Jiang Chen na wenzake nchini China walichapisha utafiti wa wanawake 1,508 wenye PCOS, waliogawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Baada ya upandikizaji wa kwanza, waliogandishiwa viinitete walijifungua mtoto hai kwa 49.3%, na waliopandikizwa moja kwa moja kwa 42.0%. Mimba zilizoharibika zilikuwa 22.0% kwa kundi la kwanza na 32.7% kwa la pili. Matokeo haya usimpe rafiki yako asiye na PCOS kama ushauri: mwaka 2018 utafiti kama huo kwa wanawake wanaopevusha mayai vizuri haukuona tofauti ya maana katika kuzaa watoto hai.

Hata hivyo, sababu kubwa ya kugandisha ni usalama wako. Ovari zikichochewa kupita kiasi, mishipa ya damu huvuja maji yakajikusanya tumboni, na yakizidi hufika kifuani. Damu iliyobaki huwa nzito na kuganda kwa urahisi. Kinachowasha moto huo ni homoni ya hCG, iwe ya sindano ya kukomaza mayai au ya mimba yenyewe. Ukipandikizwa wiki hiyo hiyo na mimba ikashika, mwili unaendelea kupokea hCG kila siku na hali inaweza kuwa mbaya zaidi siku kumi na kitu baadaye. Katika utafiti ule wa 2016, hali ya wastani au kali iliwapata 7.1% ya waliopandikizwa moja kwa moja, na 1.3% ya waliogandishiwa.

Mwulize daktari mapema: sindano ya kukomaza mayai itakuwa ya hCG au ya dawa aina ya GnRH agonisti, inayoufanya mwili utoe homoni yake wenyewe ya kukomaza mayai? Hii ya pili hupunguza hatari sana, ila ni lazima uwe kwenye mpango wa dawa za antagonisti (zinazozuia mayai yasipevuke mapema), na huudhoofisha ukuta wa uzazi kwa mzunguko huo. Ndiyo maana huendana vizuri na kugandisha. Baada ya kutolewa mayai jipime uzito kila asubuhi. Ukiongezeka kilo moja au zaidi kwa siku, mkojo ukipungua, tumbo likikaza au pumzi ikawa fupi, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Viinitete hugandishwa kwa kasi na kutunzwa kwenye nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Maabara nzuri huokoa zaidi ya 90% ya viinitete vikiyeyushwa. Waombe takwimu zao wenyewe, pamoja na ada ya utunzaji ya kila mwaka, kwani mara nyingi haimo kwenye bei ya kwanza.

Kuandaa mfuko wa uzazi kuna njia mbili, na hapa ndipo wagonjwa wengi hawaulizi kitu. Ya kwanza ni vidonge vya estrojeni, mara nyingi 6 mg kwa siku kwa wiki mbili hivi, hadi ukuta ufike angalau milimita 7; kisha homoni ya projesteroni, na kiinitete cha siku ya 5 huwekwa siku ya sita ya projesteroni. Usiruke dozi hata moja, maana huna yai lililopevuka la kukutengenezea homoni hiyo. Ya pili ni letrozoli, 2.5 hadi 5 mg kwa siku tano, ili yai moja lipevuke. Inadai ultrasaundi nyingi zaidi, lakini kifuko kinachoachwa na yai hilo hutoa homoni zinazosaidia mishipa ya damu ya mama kuizoea mimba. Kwa anayeitika letrozoli, sisi tungeanza na hii.

Tunasema hivyo kwa sababu kugandisha kuna gharama yake: katika utafiti ule wa 2016, presha ya mimba inayotangulia kifafa cha mimba ilikuwa 4.4% kwa waliogandishiwa, na 1.4% kwa wenzao. Tafiti za baadaye zimeihusisha hatari hiyo zaidi na njia ya vidonge. Ukishika mimba, mweleze mkunga wa kliniki ilivyopatikana, pimwa presha na mkojo kila hudhurio, na kabla ya wiki ya 12 muulize daktari kama unahitaji aspirini ya dozi ndogo. Kichwa kikiuma bila kuachia, macho yakiona ukungu au maumivu yakakaa chini ya mbavu za kulia, usisubiri tarehe ya kliniki.