Maswali na majibu: Sahara haiji Isimani

Mimi ni mkulima wa Isimani, Iringa. Jangwa la Sahara litatufikia lini?
Halifiki. Swali hili nimelijibu hadi nimechoka. Kati yenu na Sahara kuna Ziwa Victoria, Uganda na vinamasi vya Sudan Kusini. Mchanga utapita wapi? Ardhi hugeuka jangwa palepale ilipo. Nenda shambani kwako baada ya mvua ya kwanza. Ukikuta udongo umefanya gamba, kokoto zimebaki juu na maji yanatiririka kuchimba korongo badala ya kuzama, basi usiulize litafika lini. Miaka ya 1950 Isimani ilisifika kwa mahindi. Watu wakalima mahindi juu ya mahindi, bila samadi, bila kupumzisha shamba, na rutuba ikaisha. Sahara haikuhusika.

Mufindi mvua haikatiki, sisi huku tunakauka. Nani kaifunga?
Milima. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi ukipanda Udzungwa na ukingo wa Mufindi hupoa na kumwaga mvua hukohuko. Ukishuka upande wenu umeshakauka. Waacheni bibi za watu wazeeke kwa amani.

Jangwa lazima liwe na joto?
Hapana. Kubwa kuliko yote ni Antaktika, bara la barafu.

Nataka kuzuia ukame kwa kupanda mikaratusi kwenye chemchemi yetu.
Usithubutu. Mkaratusi unakunywa maji mno, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Hapo acha mivengi, miti ya asili ya penye maji, ijiotee. Mikaratusi yako ipeleke mlimani, ukauze nguzo. Na vinyungu, hivyo vibustani vya bondeni mnavyolima hadi kwenye jicho la maji, navyo vinahusika, ingawa hukuviuliza.

Niko Mbarali. Ni kweli ng'ombe ndio wameukausha Ruaha Mkuu?
Ng'ombe wana sehemu yao, lakini ndio wanaoonekana, kwa hiyo ndio wanaolaumiwa. Mto ulianza kukatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha mwaka 1993. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wakaondolewa bonde la Usangu, na mto ukaendelea kukatika. Sasa tuseme mpunga. Maji yanayoingia Ihefu, kinamasi kinachoulisha mto huo, yanatoka milimani, na njiani yanakutana na mifereji iliyoachwa wazi mchana na usiku, hata miezi ambayo shambani hakuna kitu. Geti la mfereji halifungwi kwa sababu mwenye zamu anaogopa kesho hatapata. Hilo viongozi wengi hawapendi kulisema, kwa kuwa nao wana majaruba.

Juni 17, Siku ya Kupambana na Kuenea kwa Jangwa, tulipanda miche kijiji kizima. Imekufa yote. Tatizo ni mbegu?
Tatizo ni Juni. Mvua yetu inakatika Aprili au Mei, nanyi mnapanda kiangazi kwa sababu mgeni rasmi yupo. Siku hiyo jazeni viriba vya kitalu, na miche ipandeni Januari mvua ikishakolea. Kabla ya hapo kubalianeni mbuzi watachungwa wapi.