Je, ni Ukatili Kumfungia Paka Ndani?

SWALI: Mhariri, nina paka jike wa miaka 3 ambaye hula akashiba, lakini kila wiki huniletea mlangoni ndege au kinyonga aliyekufa. Mwanangu anataka tumweke ndani, ilhali mama mkwe anasema huo ni ukatili. Nimsikilize nani?
Mama wa watoto wawili, Lang'ata

JIBU: Msikilize mwanao, dada. Paka hawindi kwa njaa tu, na ndiyo maana bakuli lililojaa halimzuii. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria kwamba paka wanaozurura nchini Marekani huua ndege kati ya bilioni 1.3 na bilioni 4 kila mwaka. Hapa Nairobi, ambapo majengo yanazidi kumeza miti, ua kama wako ni kimbilio la chozi, yule ndege mdogo anyonyaye maua, na la kinyonga wa pembe tatu, ambaye jike wake hatagi mayai bali hubeba mimba kwa miezi mingi, kwa hiyo ukimpoteza mmoja mwenye mimba umepoteza kizazi kizima.

Wala usijifariji kwamba ndege aliyeponyoka amepona. Niliwahi kumnyang'anya paka chozi aliyekuwa bado anapumua; sikuona damu, ila tundu dogo chini ya bawa, na kulipokucha alikuwa amekufa. Mate ya paka yana bakteria ambao huua ndege hata kwa jeraha dogo kama hilo.

Paka mwenyewe naye yumo hatarini: magari, mbwa, panya waliokula sumu, na kichaa cha mbwa, ambacho akiambukizwa anaweza kuwaambukiza wanao. Mchanje kila mwaka hata akikaa ndani, na umpeleke kwa daktari wa mifugo afungwe kizazi.

Mama mkwe ana hoja moja ya kweli, kwamba paka aliyefungiwa bila shughuli huteseka. Basi mwekee beseni la mchanga linalosafishwa kila siku, gogo la kukwaruza, na kiti karibu na dirisha lenye wavu imara. Mchezeshe kwa kamba yenye manyoya kila jioni kabla ya kumlisha. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba dakika 5 hadi 10 za mchezo kwa siku zilipunguza windo lililoletwa nyumbani kwa robo, ilhali kengele ya shingoni haikuleta tofauti ya maana. Mwanzoni atalia mlangoni usiku. Usimfungulie, kwa sababu ukifungua mara moja atajifunza kwamba kilio hufungua mlango.