Kiuno miezi minane, na daftari langu la wachuaji watatu

Kiuno changu kilinianza msimu wa karafuu. Nlikuwa nakaa kitako kuchambua tangu alasiri mpaka usiku, siku zote zile, na mwisho ikawa nikiinama rukuu siwezi kunyanyuka bila ya kushika ukuta. Nkajiambia uchovu tu huu, msimu ukesha kitapoa. Msimu ukesha, kiuno kimo palepale, nkawa nasali kwenye kiti kama bibi yangu na mie sijafika hata arubaini. Hilo ndo liloniuma zaidi kuliko maumivu yenyewe, wallahi.

Madaktari wakisema maumivu sugu wanakusudia yaliyopita miezi mitatu, mie nlikuwa na minane. Kwahiyo haya nnayoandika ni kwa mwenzangu aliyefika huko, sio aliyeteguka jana.

Wa kwanza kunishika alikuwa bibi mmoja hapa hapa Wete, Pemba, anachua kwa mafuta ya nazi aliyotia makonyo kidogo. Makonyo ndo vile vikonyo tunavyovitoa wenyewe tukichambua karafuu, vinapelekwa kiwandani Wawi vinatolewa mafuta, na ndani yake mna eugenol nyingi, ile ile madaktari wa meno wanayotumia kutuliza jino. Bibi ana mikono laini, nalala kwenye mkeka wake mpaka nasinzia, nikitoka najihisi nimeazimwa kiuno cha mtu mwengine. Siku ya pili nzuri, ya tatu hivi hivi, ya nne nshaanza tena kushika ukuta.

Nkaambiwa kuna bwana Unguja ni fundi kweli kweli, nkapanda boti nkaenda. Huyu anatumia kiwiko, akanibinya, akanigeuza, mgongo ukalia ka! Akanambia pingili ya uti wa mgongo imehama, ameirudisha, basi nisiiname, nisinyanyue ndoo, nisikae kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Nkamtii miezi miwili mizima. Maji akachota mume wangu, nazi akakuna binti yangu, mie nakaa tu naogopa, kiuno kikazidi kukakamaa. Mpaka leo nikikumbuka nakasirika, sio kwa kunibinya maana siku ile ile nlipata nafuu, ni kwa yale maneno. Maneno yale yaliniumiza kuliko kiwiko.

Wa tatu alikuwa dada wa fizioterapia, tiba ya viungo kwa mikono na mazoezi, hospitali. Nkamwambia mie pingili yangu ilihama ikarudishwa, akaniskiliza vizuri wala hakumsema mtu, akanieleza kuwa pingili haihami kwa kukuna nazi, na ule mlio ni kipovu cha hewa ndani ya maji ya kiungo, sawa na ukivunja vidole. Akanambia Marekani mwaka 1994 walichapisha utafiti, watu 98 wasioumwa na mgongo hata kidogo wamepigwa MRI, ile picha ya ndani ya mwili, na zaidi ya nusu yao wakakutwa na diski, yaani kile kimto baina ya pingili, iliyovimba mahali. Yani unaweza kuwa na diski imevimba na usihisi kitu. Pale pale nkahisi mzigo umeshuka. Halafu akanibinya pingili pole pole kwa viganja, kama dakika kumi, akanambia, "Dada, inuka uiname sasa hivi, wakati pamelegea." Nkainama. Sijainama hivyo miezi.

Hapo ndo nkapata akili ya kupima. Nkachukua daftari la shule la mwanangu, kila usiku naandika. Nambari ya maumivu sifuri mpaka kumi niliandika lakini sikuitegemea, maana inabadilika na usingizi na ugomvi wa nyumbani. Nlitegemea mambo matatu: rakaa ngapi nimesali bila ya kiti, nazi ngapi nimekuna kwenye mbuzi kabla ya kusimama, na kama nimekwenda Chake kwa gari bila ya kushuka nimejipinda. Wiki mbili bila kushikwa na mtu, wiki mbili kwa bibi, wiki mbili mikono ya yule dada peke yake, halafu wiki sita mikono pamoja na mazoezi na kutembea.

Nlichokiona kwanza kilinishtua: hata zile wiki mbili ambazo sijashikwa na mtu kiuno kilipanda na kushuka chenyewe. Kumbe siku zote nlikuwa nakimbilia kwa mchuaji siku mbaya kuliko zote, na baada ya siku mbaya kuliko zote siku nyengine huwa nafuu tu, basi sifa zote nkampa mchuaji. Ndo mana nakwambia uandike kabla hujaenda, sio baada ya kurudi.

La pili, bibi na fizioterapia walikuwa sawa sawa kwenye daftari, nafuu ya siku moja mbili. Dada hakushangaa. Akanambia Seattle huko Marekani walifanya utafiti uliotoka 2011, watu 401, wengine wakachuliwa kwa ufundi wa misuli ya ndani, wengine masaji ya kawaida ya kutuliza mwili tu. Baada ya wiki kumi makundi yote mawili yalikuwa bora kuliko waliopata matibabu ya kawaida, na baina yao hapakuwa na tofauti ya maana. Basi usiuze kuku wako kumfata fundi wa mbali ikiwa jirani yako ana mikono mizuri.

La tatu ndo lenyewe. Zile wiki sita nazi zikatoka moja zikafika nne, na kiti cha kusalia nkakirudisha jikoni. Mikono inafungua mlango siku mbili, na siku mbili hizo ndo za kuinama, kutembea, kunyanyua ndoo nusu halafu nzima. Ukizilala zinapita bure. Shirika la Afya Duniani nao kwenye muongozo wao wa Disemba 2023 wameitia masaji pamoja na mazoezi kwenye vinavyoweza kusaidia maumivu sugu ya kiuno, ila mikanda ya kiuno na kuvutwa kwa mashine wamesema isiwe tiba ya kawaida. Mie natembea baada ya alfajiri mpaka Limbani na kurudi.

Lakini kama miguu inakosa nguvu, au una ganzi sehemu za siri, au mkojo umezuilika au unatoka bila ya kujua, usiende kwa mchuaji yeyote, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na ukiwa na homa, umekonda bila sababu, umewahi kuugua saratani au umeanguka vibaya, uonwe na daktari kwanza.

Kwa mchuaji mpya, mpe mara nne mpaka sita, daftari lisiposogea acha. Akikwambia kitu kimehama na usiiname tena, mshukuru uondoke. Na mafuta ya makonyo usijipake matupu, yanaunguza ngozi, matone machache tu kwenye kikombe cha mafuta ya nazi, ujaribu kwanza mkononi usiku mmoja.