Mwone akitembea kabla hujampa ruhusa

Wadogo zangu mnaoanza staje (mafunzo ya vitendo) hospitalini hapa Goma, nianze na kikombe cha uji.

Tuliletewa mtoto wa miaka kama tisa aliyeokotwa kwenye shimo la mazuku. Mazuku mnayajua: kaboni dioksidi inayotoka chini ya mawe ya volkano, nzito kuliko hewa, hutulia mabondeni pasipo na upepo, na mbuzi na watoto huanguka kwanza kwa sababu pua zao ziko karibu na ardhi. Tulimpa oksijeni, akazinduka, akataja jina lake na la mama yake. Kesho yake nikaandika ruhusa ya kwenda nyumbani. Mama akaniita: “Munganga (daktari), angalia.” Mtoto alikuwa ananyanyua kikombe. Mkono ulitulia mpaka karibu na mdomo, ndipo ukaanza kutetemeka, uji ukamwagika kifuani. Nikamsimamisha, akatanua miguu kama mtu aliyesimama ndani ya mtumbwi. Nilikuwa nimempima akiwa amelala tu, na mgonjwa aliyelala tuli haoneshi shida yote ya ubongo wake mdogo, ile sehemu ya nyuma inayoratibu mwendo na kusimama.

Ubongo wote ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hula karibu asilimia 20 ya oksijeni, na seli za neva hazina akiba ya maana. Oksijeni ikikatika, nishati huisha ndani ya dakika chache. Pampu za sodiamu na potasiamu husimama, glutamati (kemikali ya kuamsha seli) humwagika, kalisiamu huingia kwa wingi na kuiharibu seli kutoka ndani. Katika ubongo mdogo, wanaoumia zaidi ni seli za Purkinje. Kila moja hupokea ujumbe kupitia viungio zaidi ya laki moja, na vingi hutumia glutamati hiyohiyo. Gamba la ubongo mdogo, yaani tabaka lake la nje, halina njia nyingine ya kutoa amri zaidi ya seli hizi, ndiyo maana mkono hukosa shabaha.

Sukari ya damu ina habari yake, na hapa wengi huchanganya. Ikishuka peke yake huumiza zaidi gamba la ubongo mkubwa. Ubongo mdogo mara nyingi husalimika. Moyo ukisimama, sukari na oksijeni hukatika pamoja, na hapo hausalimiki. Kwa hiyo mtoto mwenye malaria kali mpime sukari papo hapo (chini ya miligramu 40 kwa desilita ni hatari, na kwa aliye chini ya miaka mitano anza kutibu chini ya 54; mpe glukosi bila kungoja), lakini akiyumba baadaye usiseme “ni sukari tu” ukafunga faili. Uliza alipumua vipi, degedege lilidumu muda gani.

Kabla ya ruhusa mpimeni hivi: kidole kwenye pua, kisigino juu ya muundi, hatua kumi kwenye mstari. Rudieni baada ya siku mbili tatu, maana baadhi ya seli hufa zikiwa zimechelewa.

Yule mtoto tulimbakiza. Siku ya kuondoka alikunywa uji wake wote, kikombe amekishika kwa mikono miwili.