Jest, gibe, flout: msizitie kapu moja

SWALI: Natafsiri vipande vya Shakespeare kwa kikundi cha maigizo cha shule. Kwa jest, gibe, flout na jape, kamusi yangu ndogo inanipa "mzaha" au "dhihaka" tu. Rafiki kanishauri nifuate asili ya kila neno: ati jest maana yake halisi ni "matendo makuu" na flout ni "kupiga filimbi". Je, ni sahihi?

JIBU: Hapana, na ushauri huo nakutana nao kila mara. Wauza "siri za maneno" mitandaoni wameufanya mtaji, na unanasa watu kwa sababu una robo ya ukweli. Jest kweli limetokana na gesta la Kilatini, yaani matendo, likipitia Kifaransa cha kale. Uingereza lilikuwa hadithi ya mashujaa, likashuka likawa kisa cha kupotezea muda, na katika karne ya 16 likawa mzaha. Tamthilia ya Hamlet iliandikwa karibu mwaka 1600. Yorick, anayekumbukwa humo kwa jest isiyokwisha, alikuwa mchekeshaji wa mfalme. Ukimpa "matendo makuu" umemfanya jemadari. Asili ya neno hueleza lilikotoka. Alichokusudia mwandishi ni habari nyingine.

Flout lina mtego wa upande wa pili, yaani Kiingereza cha leo, ambamo ni kukaidi sheria waziwazi. Katika A Midsummer Night's Dream, Helena anamlalamikia Lysander kwamba ana-flout upungufu wake. Upungufu wa mtu haukaidiwi! Pale anadhihakiwa, tena usoni. Filimbi huenda ndiyo asili kweli, ila haimsaidii mwigizaji hata kidogo.

Gibe ni kijembe, lakini hao gibe wa Yorick waliiangusha meza nzima kwa kicheko, kwa hiyo "kejeli" itakuwa kali mno. Jape, kwa mshairi Chaucer aliyefariki mwaka 1400, ni mzaha au kumchezea mtu shere. Baadaye likapata maana ya chumbani, waandishi wenye haya wakaliepuka, kisha likafufuliwa karne ya 19 likiwa limesafika. Basi anza na tarehe ya matini.

Kisha kusanya mistari mitano au sita ambamo mwandishi huyohuyo ametumia neno hilo. Anayelengwa yupo pale? Anatarajiwa kucheka naye? Ni maneno, au ametendewa hila? Akitarajiwa kucheka, mzaha au masihara yanatosha; "utani" uwekee wenye haki ya kutaniana. Asipotarajiwa, chagua kati ya dhihaka, kejeli na kebehi kwa ukali wa mstari. Watazamaji wa zama zile walizisikia ngazi hizi: Touchstone, mchekeshaji wa As You Like It, anapanga saba za majibizano, quip (jibu fupi la kijanja) ikiwa ya pili tu kwa upole, na ya saba ni kumwita mtu mwongo bila kuficha.

Orodha za "maneno ya kale" zenye tafsiri moja kwa kila neno, na programu za kutafsiri zinazoegemea matumizi ya leo, ziache. Tumia kamusi ya kihistoria yenye mifano iliyowekewa miaka. Ile kubwa ya Oxford ilitolewa kwa mafungu kuanzia 1884 hadi 1928 kwa kazi hiyohiyo. Kwenye orodha za mkato utakuta frump ni mwanamke asiyejua kuvaa. Katika matini ya karne ya 16 lilikuwa neno la kubeza, na mhusika akitupiwa frump hakuna aliyegusa nguo zake.