Timu hazilishi madarasa
Ndugu, unasema timu za michezo za vyuo vya Marekani ndizo zinazolisha madarasa kwa mapato yao. Vyuo vya namna hiyo ni vichache mno. Vingi huziba pengo la bajeti ya michezo kwa ada za wanafunzi na ruzuku ya chuo chenyewe. Tazama 2023 tu. Septemba, bodi ya Chuo Kikuu cha West Virginia iliidhinisha kufuta programu 28 za masomo na nafasi 143 za wahadhiri, na lugha za kigeni ziliumia sana. Novemba, Chuo Kikuu cha Texas A&M ikamwachisha kocha wa futiboli ya Kimarekani, Jimbo Fisher, na kuvunja mkataba wake kukagharimu zaidi ya dola milioni 75. Chuo kilisema hela hazitoki masomoni, bali kwa wafadhili na idara ya michezo. Sawa, lakini nani aliwahi kuwabembeleza wafadhili hivyo kwa ajili ya maktaba?